Nyongeza ya pango isiizidi nyongeza ya mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi wenye ndugu zao huku Marekani huenda hawalifahamu. Mimi ni mpangaji katika mji wa Kent, jimbo la Washington. Hili si lile jiji la Washington anakokaa Rais, bali ni jimbo la upande wa magharibi linalopakana na Bahari ya Pasifiki. Lina bunge lake lenyewe katika mji wa Olympia, na kila moja ya wilaya zake 49 za uchaguzi hutoa seneta mmoja na wabunge wawili.

Wabunge hao wana desturi ya kuwaandikia wananchi taarifa ya kazi waliyoifanya bungeni. Desturi hiyo ni nzuri na siibezi, kwani wapo viongozi, huku na kwingineko, ambao mwananchi huwaona wakati wa kuomba kura tu. Lakini taarifa nilizozisoma zinafanana mno. Kwanza picha ya mheshimiwa akitabasamu, kisha maneno machache juu ya sheria ya nyumba, halafu orodha ndefu ya shughuli za mtaani: mkutano wa hadhara, siku ya kugawa mabegi na madaftari ya shule, siku ya kuokota takataka, gulio la wakulima. Mimi nataka kusema juu ya yale maneno machache.

Tangu mwaka 1981 sheria ya jimbo hili imeikataza miji kujiwekea ukomo wa pango, na jimbo lenyewe halikuwa na ukomo wowote. Mwenye nyumba alikuwa huru kupandisha kiasi alichotaka mkataba ukiisha, ili mradi atoe taarifa mapema. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa karatasi ya kuongezewa dola 300 kwa mkupuo mmoja, na bomba la jikoni lilikuwa linavuja vile vile. Ndipo tarehe 7 Mei, 2025, Gavana Bob Ferguson alipotia sahihi sheria mpya. Sasa pango halipandishwi katika miezi 12 ya kwanza ya upangaji. Baada ya hapo, katika kila miezi 12 linaweza kupanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia 7, au kwa asilimia 10, hesabu iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na taarifa ya maandishi lazima itolewe siku 90 kabla.

Ni sheria bora kuliko kutokuwa na sheria, na waliopigania wanastahili pongezi. Hata hivyo, Ndugu Mhariri, tuiweke kando ya sheria nyingine ya jimbo hili hili. Mwaka 2016 wananchi walipiga kura ya kuongeza kima cha chini cha mshahara, na tangu mwaka 2021 kima hicho hupanda kila Januari kwa kufuata mfumuko wa bei. Hakuna asilimia 7 ya ziada. Kwa hiyo mfanyakazi amewekewa mfumuko wa bei peke yake, na mwenye nyumba amewekewa mfumuko wa bei na saba juu yake.

Tufanye hesabu. Tarehe 1 Januari, 2026, mshahara wa chini ulipanda kutoka dola 16.66 kwa saa hadi dola 17.13, yaani senti 47. Mtu afanyaye kazi saa 40 kwa wiki hupata nyongeza ya dola 81 hivi kwa mwezi, kabla ya makato. Kama analipa pango la dola 1,800 na mwenye nyumba akapandisha kwa asilimia 9 tu, kiasi ambacho ni halali kabisa, ataongezewa dola 162. Nyongeza yote ya jasho lake imekwenda kwa mwenye nyumba, na bado anadaiwa nyingine kama hiyo. Hapo hajanunua unga, hajalipa nauli, wala hajatuma kitu nyumbani. Jambo hilo likirudiwa kila mwaka, pango huwa limekaribia mara mbili katika mwaka wa nane.

Wenye nyumba husema kuwa bima, kodi za serikali na matengenezo vinapanda. Ni kweli vinapanda. Lakini sijaona popote ilipoelezwa kwa nini nambari ni saba, wala kwa nini saba hiyo iwe haki ya kila mwaka, hata mwaka ambao jengo halikupakwa rangi. Wengine husema ukomo ukibanwa sana wajenzi watakimbia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana serikali ya jimbo ilikisia mwaka 2023 kwamba zinahitajika nyumba zaidi ya milioni moja katika miaka 20. Ndiyo sababu majengo ambayo hayajatimiza miaka 12 yamesamehewa ukomo huu, na ndiyo sababu sheria nyingine ya mwaka 2023 iliilazimisha miji yenye zaidi ya watu 75,000 kuruhusu angalau nyumba nne katika viwanja vya makazi ambavyo zamani viliruhusiwa nyumba moja tu. Haya yote ni mema, ila nyumba itakayojengwa miaka sita ijayo haimsaidii mama aliyeletewa karatasi juzi. Tena sheria yenyewe ya ukomo wa pango imewekewa mwisho wake, mwaka 2040. Sisi Watanzania tunalijua jambo hili. Tulikuwa na Sheria ya Ukomo wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na leo mpangaji wa Dar es Salaam anadaiwa pango la miezi sita au la mwaka mzima kabla hajaingiza kitanda.

Sasa nirudi kwenye yale mabegi ya shule. Katika miji hii ya kusini mwa Seattle wako Wakongo wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Ni watu wa Kiswahili. Taarifa ya kupandishiwa pango huwafikia kwa Kiingereza cha wanasheria, nao huweka sahihi na kulipa, wakidhani karatasi yenye nembo ni amri. Wengi hawajui kwamba Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kumshitaki mwenye nyumba anayevuka ukomo, wala kwamba tangu mwaka 2021 mpangaji maskini anayeshitakiwa ili atolewe nyumbani hupewa wakili bila malipo. Basi siku ya kugawa mabegi iwekwe na meza moja yenye mtu anayeijua sheria hii na mkalimani wa Kiswahili kando yake. Gharama yake ni viti viwili.

Na katika mkutano wa hadhara wananchi wamwulize mheshimiwa swali moja. Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha ukomo wa asilimia 7 bila kuongeza mfumuko wa bei, Seneti ikataka asilimia 10 pamoja na mfumuko wa bei, wakapatana katikati. Yeye alipigia kura upande gani, na kikao kijacho atapendekeza nini?

Wasomaji wenye ndugu katika jimbo hili nawaomba wawaambie mambo matatu kwa simu: wasilipe nyongeza ya pango kabla ya kuhesabu siku 90, waulize jengo lilijengwa mwaka gani, na karatasi wasiitupe.

Mpangaji,
Kent, Washington.