Nani Kasema Hawaingizi Fedha?

Kuna sentensi moja inayomaliza mjadala wa malipo ya wanasoka wa kike, uwe umeanzia kijiweni au studio ya redio: mchezaji hulipwa kwa anachoingiza, na wanawake hawaingizi. Anayeitamka huegemea kiti chake kana kwamba ametaja kanuni ya hesabu. Ni wachache wanaouliza hesabu hizo zilipigwa na nani, na kwa daftari lipi.

Tuchukue kesi iliyoifikisha hoja hiyo mahakamani. Tarehe 8 Machi 2019, wachezaji 28 wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani walilishtaki shirikisho lao la soka mjini Los Angeles. Hawakudai mshahara wa Messi, wala hawakuishtaki klabu ya tajiri yeyote. Katika klabu hoja ya mapato ina uzito wake, na sibishi. Wao walikuwa wanamshtaki mwajiri waliyekuwa naye pamoja na wanaume: shirikisho lile lile, bendera ile ile. Anayewajibu kwa viingilio vya Old Trafford anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Na viingilio vyenyewe? Gazeti la Wall Street Journal lilipopitia hesabu za shirikisho hilo mwaka huohuo wa 2019, lilikuta kwamba kati ya 2016 na 2018 mechi za wanawake ziliingiza takriban dola milioni 50.8, na za wanaume milioni 49.9. Fedha za matangazo na udhamini hazikuweza kugawanywa hivyo, kwa sababu shirikisho liliziuza timu zote mbili kwa mkupuo. FIFA nayo ilikuwa na mtindo huo: kwa miaka mingi haki za matangazo za Kombe la Dunia la Wanawake zilikwenda pamoja na zile za wanaume. Zilipouzwa peke yake kwa mara ya kwanza, kwa fainali za 2023, Rais wa FIFA Gianni Infantino alilalamika hadharani kuwa televisheni za Ulaya zinatoa bei ya aibu. Alikuwa na haki ya kulalamika, ila mnunuzi aliyezoea kupewa kitu kama nyongeza haoni kwa nini leo akilipie.

Wapinzani wa wachezaji hao wana silaha moja nzito. Mei 2020, Jaji Gary Klausner aliyatupa madai ya mishahara, akionyesha kwamba kati ya 2015 na 2019 wanawake walilipwa zaidi: wastani wa dola 220,747 kwa mechi, dhidi ya 212,639 za wanaume. Mpaka leo wapo wanaozitaja takwimu hizi kama msumari wa mwisho. Lakini hebu zisome pamoja na matokeo ya uwanjani. Katika kipindi hicho wanawake walitwaa Kombe la Dunia mara mbili, Vancouver 2015 na Lyon 2019. Wanaume, Oktoba 2017, walifungwa na Trinidad na Tobago wakakosa kabisa safari ya Urusi. Tofauti ya malipo kati ya bingwa wa dunia mara mbili na timu iliyoshindwa kufuzu ilikuwa dola 8,000 na ushei kwa mechi. Jaji hakukosea kujumlisha. Jumla yake ndiyo iliyoficha kwamba mwanamke alilazimika kushinda kila kitu ili afikie alipo mwanamume aliyeshindwa.

Alisema pia kwamba wanawake wenyewe walipendelea mshahara wa uhakika na bima kuliko kulipwa kwa mechi. Ni kweli. Lakini mwanamume aliyeitwa timu ya taifa alikuwa ameacha mshahara mnono klabuni kwake, huku ligi ya wanawake ikilipa kidogo. Mwenye akiba na asiye nayo hawachagui mkataba kwa moyo mmoja.

Tena, miezi miwili kabla ya hukumu hiyo, mawakili wa shirikisho walikuwa wameandika mahakamani kwamba kazi ya wanaume inahitaji uwezo mkubwa zaidi, wakataja kasi na nguvu. Wadhamini walikasirika, na Rais wa shirikisho, Carlos Cordeiro, akajiuzulu. Kumbe hoja ya mapato haikuwa ikisimama peke yake.

Udogo wa soko lenyewe nao una historia. Tarehe 26 Desemba 1920, watazamaji 53,000 walijaa Goodison Park, Liverpool, kuitazama timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies. Hazikupita siku 365 chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake, kwa karibu nusu karne. Brazil iliwapiga marufuku kwa sheria mwaka 1941 hadi 1979. Wanaume walipata Kombe la Dunia 1930, wanawake, 1991. Ukimfungia mtu duka miaka hamsini, usimcheke kwa mauzo madogo.

Mwaka 2022 Wamarekani walimaliza kesi yao kwa dola milioni 24, na mkataba mpya ukaweka zawadi za Kombe la Dunia za timu zote mbili katika mfuko mmoja. Kutokana na wanaume kufika hatua ya 16 bora Qatar, wanawake walipata zaidi ya zawadi za ubingwa wao wa 2015 na 2019 zikijumlishwa. Utasema: basi ni wazi wanaume ndio wenye fedha. Lakini FIFA ilitenga milioni 15 kwa wanawake mwaka 2015, milioni 30 mwaka 2019, na milioni 110 mwaka 2023. Ongezeko la namna hiyo halitokani na soko peke yake. Kuna watu walikaa kwenye meza wakaamua.

Afrika tuko nyuma zaidi. Desemba 2016 mabingwa wa bara, Super Falcons wa Nigeria, waligoma kutoka hotelini Abuja wakidai posho zao. Usawa hawakuutaja, walitaka walichoahidiwa. Kwa hiyo kabla ya kurudia kwamba wanawake hawaingizi, tuyatake mashirikisho yetu yachapishe hesabu za timu mbili za taifa, kila moja na ukurasa wake: udhamini, matangazo, viingilio, ruzuku za FIFA na CAF. Shirikisho lisiloweza kuzionyesha halina msingi wa kumwambia mchezaji yeyote kwamba haingizi kitu.