Maoni: Mpiga picha anayeingia kwenye video anunue sauti kwanza

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mjini Goma vijana wanaoishi kwa kazi ya kupiga picha ni wengi. Wanaonekana kwenye ndoa, ubatizo, matanga, sherehe za wanafunzi na kando ya ziwa Kivu siku ya Jumapili. Kwa sasa wengi wao wanataka kuingia kwenye video. Wateja wanaomba video, mashirika yanaomba video, na ndugu walioko mbali hawaridhiki tena na picha moja iliyotulia. Ndiyo maana swali moja linasikika kila wanapokutana: ni kamera gani ya kununua?

Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. Mpiga picha tayari anajua mwanga, anajua mahali pa kusimama, na anajua kumtuliza mtu mbele ya lenzi. Kile ambacho hajawahi kukishughulikia ni sauti. Picha haisemi, video inasema. Kijana anayetumia pesa yake yote kwenye kamera mpya, halafu akarekodi sauti kwa mikro ndogo iliyo ndani ya kamera hiyo, amenunua macho mawili mazuri na kuacha masikio sokoni.

Kwa familia zilizohama makwao jambo hili si la mapambo. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipigwa picha mara nyingi sana wakati zilipokuwa zimejaa watu kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi hizo zilivunjwa na watu wakatawanyika: wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa familia za kuwapokea, wengine walivuka mpaka. Mahema hayapo tena. Picha zimebaki, na zinaonyesha maturubai meupe, mitungi ya maji na watoto wanaotazama kamera. Lakini mama aliyesimulia alivyotembea siku tatu na watoto wake, alisema nini hasa? Mahali ambapo video ilichukuliwa bila mikro nzuri, mara nyingi kinachosikika ni upepo, mvua inayopiga turubai, pikipiki na watoto wanaolia. Maneno yake hayamo.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nje hawalifikirii haraka. Wahamaji wengi wazee hawasimulii kwa Kiswahili. Wanasimulia kwa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kinyanga au Mashi. Ili maneno yao yasomeke chini ya picha kwa Kiswahili au Kifaransa, lazima mtafsiri ayasikie vizuri, neno kwa neno. Sauti mbaya inamlazimisha mtafsiri kubahatisha. Na mtu aliyepoteza nyumba na shamba hastahili kubahatishiwa maneno yake.

Basi vifaa vichaguliwe namna gani? Mwenye pesa kidogo aigawe kabla hajaingia dukani. Mgawanyo mmoja unaofaa ni huu: katika kila dola 100, zisizidi 50 kwenye kamera na lenzi. Dola 20 ziende kwenye sauti, 20 kwenye betri, kadi na diski ya kuhifadhi, na 10 kwenye stendi ya miguu mitatu, ile ambayo mjini wanaiita trepie. Mwenye kamera tayari asinunue nyingine kabla hajaikagua ile aliyonayo.

Ukaguzi wa kwanza ni tundu dogo la kuchomeka mikro ya nje. Kamera nyingi za bei nafuu zinapiga picha nzuri lakini hazina tundu hilo. Canon 2000D na Nikon D3500 hazina. Canon 250D na Nikon D5600 zinalo. Anayenunua kamera iliyotumika aombe kuiona ikirekodi kwa dakika kumi bila kukatika, maana baadhi hupata joto na kuzima. Tena aangalie kama inaweza kufuata uso wa mtu anayetembea bila kupoteza ukali wa picha, kwa sababu kwenye video hakuna nafasi ya kubonyeza upya.

Aliye na kamera isiyo na tundu hajafungiwa mlango. Simu ya pili inaweza kuwa kinasa sauti. Mikro ndogo ya kubana kwenye shati inachomekwa kwenye simu, simu inawekwa mfukoni mwa anayezungumza, na mwanzoni mpigaji anapiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuunganisha, ule mlio wa kofi unasaidia kulinganisha sauti na picha. Mikro ya bei ndogo iliyo karibu na kifua cha msemaji inashinda mikro ghali iliyo juu ya kamera mita tatu mbali. Hiyo ni kwa sababu mikro ya mbali inasikia kila kitu kilichopo katikati, na sauti ya mtu inakuja ya mwisho.

Anayefanya kazi kando ya ziwa au kwenye vilima vya Sake aongeze kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Halafu avae spika za masikio na asikilize wakati anarekodi. Kama kamera haina pa kuchomeka spika hizo, arekodi nusu dakika, asimame, asikilize, ndipo aendelee. Kiwango cha sauti akiweke kwa mkono, kwa sababu kamera ikiachiwa kazi hiyo inapandisha kelele kila msemaji anaponyamaza. Na wale wanaosimulia mambo mazito hunyamaza mara nyingi.

Baada ya sauti inafuata nguvu. Betri moja inayomtosha mpiga picha siku nzima haimtoshi mpiga video, kwa sababu kamera ya video haipumziki kati ya picha moja na nyingine. Betri tatu ndiyo mwanzo. Katika mitaa ambayo umeme unakatika, na vijijini ambako haujafika, paneli ndogo ya sola au pawabanki yenye nguvu ina faida kuliko lenzi ya pili.

Kadi nazo zihesabiwe. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 45 kwa saa moja. Kadi ya gigabaiti 64 haifikishi saa moja na nusu. Ibada ya ndoa na karamu yake itaimaliza kabla ya keki kukatwa. Na kazi yoyote isihesabiwe kuwa imeisha mpaka iwe na nakala mbili, zilizowekwa sehemu mbili tofauti. Goma inajua maana ya kuondoka nyumbani usiku bila kurudi kuchukua kitu: volkeno ya Nyiragongo ilimwaga moto Januari 2002 na tena Mei 2021.

Kwa upande wa picha yenyewe, mambo machache yanatosha kuanza. Umeme wa Congo ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera iwekwe kwenye picha 25 kwa sekunde na shata kwenye 1/50. Hivyo taa za ndani hazitaleta mistari inayochezacheza. Lakini mchana wa jua kali shata hiyo inaingiza mwanga mwingi mno, na mpiga picha aliyezoea shata ya 1/1000 atashangaa picha kuwa nyeupe kabisa. Dawa yake ni kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Tena, vumbi jeusi la mawe ya volkeno halina huruma: lenzi ibadilishwe ndani ya gari au ndani ya nyumba, si katikati ya barabara.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Mpiga video wa ndoa atasema mteja anatazama ukubwa wa kamera kabla ya kukubali bei, na kwamba hakuna anayelipa kwa kuonyeshwa mikro ndogo. Atasema pia kwamba leo kila mtu anataka 4K. Ni kweli kwamba macho ya mteja ndiyo yanayofungua mkoba. Lakini mteja huyo ataitazama video yake wapi? Wengi wanaitazama kwenye simu, imetumwa kwa WhatsApp, ambayo inaibana picha mpaka ile 4K inapotea njiani. Ndugu walioko Nakivale nchini Uganda au Nyarugusu nchini Tanzania wanataka kumsikia baba akimbariki binti yake. Wakimsikia vizuri, watasifu kazi. Wasipomsikia, hakuna atakayeuliza kamera ilikuwa ya aina gani. Zaidi ya hayo, 4K inahitaji kompyuta yenye nguvu na diski kubwa, na hiyo ni gharama nyingine inayomngoja kijana nyumbani.

Sinema ya Congo yenyewe inatoa funzo. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, anashika kamera mwenyewe katika filamu zake. Katika « En route pour le milliard » ya mwaka 2020 anawafuata wahanga wa vita vya siku sita vya Kisangani vya Juni 2000, wanaposhuka mto Congo hadi Kinshasa kudai fidia yao. Mtazamaji anabaki na watu hao kwa sababu anawasikia wakibishana, wakiimba na wakidai haki.

Upo pia upande wa sheria. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu ilipowahukumu viongozi wawili wa kundi la waasi kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje, picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo mafaili ya asili yahifadhiwe kama yalivyotoka kwenye kamera, na kukatakata kufanyike kwenye nakala.

Hata hivyo, sauti inayosikika vizuri ina hatari yake. Kuficha uso hakutoshi, kwa sababu jirani anaweza kumtambua mtu kwa sauti, kwa jina la kijiji au kwa jina la mtoto aliyetajwa. Kabla ya kuwasha kamera, msemaji aelezwe video itaonyeshwa wapi na nani ataiona, na awe na haki ya kukataa hata baada ya kurekodiwa. Kamera ndogo ina faida hapa pia. Haivuti macho kwenye vizuizi barabarani, na haimtishi mama ambaye hajawahi kukaa mbele ya lenzi.

Familia nazo zina sehemu yao. Anayemwita mpiga video kwenye ndoa au matanga asiulize tu kamera yake ni ya aina gani. Aombe kusikiliza kazi moja ya zamani kwa spika za masikio, kisha afunge macho. Kama maneno yanaeleweka bila kuona picha, huyo anastahili kulipwa. Vilevile mashirika yanayotoa mafunzo kwa vijana yangefanya vizuri kugawa mikro na betri kabla ya kugawa kamera na droni.

Kamera nzuri itapatikana kesho, maana bei za kamera zilizotumika hushuka kila mwaka. Lakini wazee wanaokumbuka namna vijiji vyao vilivyokuwa hawatangoja. Kijana mwenye simu, mikro ya kubana shatini na betri iliyojaa anaweza kuanza kazi wiki hii.