Kabla ya Wati Nyingi, Spika ya Pili

Tangu shule yetu iliponunua amplifaya ya besi iliyokwisha tumika, kwa fedha za mpunga wa shamba letu, maneno yamekuwa mengi mabwenini. Wako wasemao kwamba ni nzito mno, wako wasemao kwamba sauti yake ni ndogo, na sasa wengine wataka fedha za mavuno yajayo zinunue nyingine kubwa zaidi, ya wati 400. Mimi naona shauri hilo si jema, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kwanza yafaa tujue kazi ya besi. Wazee wetu hapa Kyela waijua vema kazi ya ngoma kubwa katika ling'oma: ndiyo ishikayo miguu ya wachezaji. Katika bendi na katika kwaya kazi hiyo hufanywa na gitaa la besi. Uzi wake mnene kuliko zote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo haifiki mbali isipokuwa hewa nyingi imesukumwa. Gitaa lenyewe halina tumbo la kuvumisha sauti. Ndiyo maana kampuni ya Fender ya Marekani, ilipoleta besi yake ya umeme mwaka 1951, ilileta na amplifaya yake, Bassman, mwaka 1952.

Amplifaya za besi ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya valvu za kioo. Mojawapo iliyo mashuhuri sana ni Ampeg SVT ya mwaka 1969, yenye wati 300 na uzito wa zaidi ya kilo 35 bila spika. Wapigaji huisifu kwa utamu, maana ikizidiwa hukwaruza taratibu. Lakini valvu huchakaa, na kuzipata huku kwetu ni taabu. Tena ikipigwa bila kuunganishwa na spika, transfoma yake yaweza kuungua. Ya pili ni ya transista yenye transfoma nzito, kama yetu. Ya tatu ni ile mpya nyepesi, ambayo transista zake huwaka na kuzimika mara malaki kwa sekunde. Haipotezi nguvu nyingi kwa joto, kwa hiyo haihitaji vyuma vikubwa, na uzito wake aghalabu ni kilo mbili au tatu tu.

Nakubali kwamba kwa mpigaji asafiriye kila juma, leo Tukuyu kesho Matema, hiyo ya tatu ni bora. Lakini amplifaya ya shule haisafiri sana. Kazi yake ni kukaa na kupokezanwa. Yetu ikifunguliwa, fundi redio huona kila kitu kwa macho, naye aweza kubadili transista au waya palepale mezani kwake. Ile nyepesi sehemu zake ni ndogo kama punje za ulezi, na mara nyingi ikiharibika hubadilishwa ubao mzima, ambao huagizwa mbali. Tena anunuaye kitu kilichokwisha tumika lazima asome maandishi ya nyuma. Vyombo vilivyotengenezwa kwa matumizi ya Japani hutaka volti 100, vya Marekani volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Asiyesoma kabla ya kuchomeka hununua moshi.

Sasa nije kwenye ule udogo wa sauti. Nyuma ya amplifaya yetu imeandikwa wati 200 kwa omu 4. Sanduku letu la spika ni la omu 8, na ni moja tu. Kwa hiyo hatupati wati 200, bali nusu yake na ziada kidogo. Tukiongeza sanduku la pili la omu 8 na kuyaunganisha sambamba, jumla yake huwa omu 4, na amplifaya ile ile hutoa nguvu zake zote. Juu ya hayo, eneo la kusukuma hewa huwa maradufu. Lakini la tatu tusithubutu kuliongeza, maana omu zitashuka chini ya 4 na amplifaya itaungua. Hesabu hii twaifundishwa katika Fizikia. Haifai ibaki daftarini.

Je, tukinunua ya wati 400 na kubaki na sanduku moja, lililoandikwa wati 150? Siku mtu atakapofungua sauti yote, tutazika spika. Wala wati maradufu si sauti maradufu. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio la mtu lataka desibeli kama 10, yaani wati mara kumi, ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili.

Wako wazazi waulizao kwa nini fedha za mpunga zisinunue vitabu. Swali lao ni la haki, na kwa ajili yao nasema hivi: tununue spika peke yake, sanduku tulitengeneze wenyewe kwa mbao nene zilizozibwa vema, na fedha itakayosalia iende maktaba. Anayetaka wati 400 hawezi kuwaahidi wazazi hayo.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Mvua za Kyela si za kuchezea. Amplifaya ikiwekwa sakafuni hupata kutu, na mende hufanya makao ndani yake. Iwekwe juu ya meza, ifunikwe kwa kitambaa ikiisha kupoa, na awepo mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari la kuandika nani ameichukua. Katika NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na baadaye kuitwa Msondo Ngoma, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji aliyehama aliacha chombo, na mwingine akakishika. Nasi ni hivyo hivyo. Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza watapiga kile tutakachowaachia. Afadhali wakute chombo cha kiasi kinachosema, kuliko kikubwa kilichonyamaza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne