Eneo la Wazi Si Kiwanja Kinachosubiri Mnunuzi

Mwezi Oktoba mwaka 1973 TANU iliamua kwamba Makao Makuu ya Serikali yahame kutoka Dar es Salaam na kwenda Dodoma. Uamuzi huo haukupitishwa faraghani na watu wachache. Matawi ya Chama nchini yaliulizwa, na mengi yakakubali. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukakamilika mpango wa mji mpya uliotayarishwa na wataalamu wa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule haukuiga fahari ya miji mikuu ya mataifa tajiri. Ulikusudia mji wa jumuiya zilizopangwa moja baada ya nyingine, ambamo mtu angekwenda kazini, shuleni na sokoni kwa miguu au kwa basi, na nyumba kumi za Chama zingekuwa tofali la kwanza la ujenzi wa jamii. Vilima vya Dodoma na mabonde yake vilihesabiwa kuwa sehemu ya mji, si mabaki yake.

Kwa zaidi ya miaka 40 kazi ile ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kisha mambo yakabadilika ghafula. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya ya mjini watu 410,000 na ushee. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi 700,000. Watumishi wa umma na jamaa zao wamekuwa miongoni mwa wageni hao, na kila mmoja anahitaji paa. Ni dhahiri basi kwamba mitaa mipya itazidi kupimwa. Swali linalostahili kujibiwa mapema ni hili: katika mitaa hiyo, mahali pa umma patatengenezwa lini, na patalindwa na nani?

Hakuna nchi changa inayojenga mtaa mzima kwa siku moja. Fedha huja kidogo kidogo, na kwa hiyo ujenzi hugawanywa katika awamu. Jambo hilo lenyewe si kosa. Kosa hutokea katika kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Kwa kawaida awamu ya kwanza huwa ya viwanja vya nyumba, kwa sababu viwanja huuzwa na kurudisha gharama. Awamu ya pili huwa ya viwanja zaidi. Bustani, uwanja wa michezo na njia za waendao kwa miguu husukumwa hadi awamu ya mwisho, nayo mara nyingi haifiki. Wakati huo wote eneo lililotiwa rangi ya kijani katika ramani hubaki pori lisilo na jiwe la mpaka wala mti. Mpita njia huliona kuwa tupu. Mfanyabiashara huliona kuwa nafasi. Ofisi inayohitaji mapato huliona kuwa kiwanja kinachosubiri mnunuzi.

Tatizo hili si la kubuni. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma ambao uliipatia Dar es Salaam mitaa ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Ulikuwa mradi mwema. Wananchi wa kipato cha kadiri walipata viwanja vilivyopimwa, wakajijengea nyumba kwa uwezo wao. Lakini katika mitaa mingi ya jiji lile, ile ya zamani na ile ya karibuni, maeneo yaliyoachwa wazi katika ramani yamekuwa baa, gereji, vituo vya mafuta na nyumba za watu binafsi. Mtoto aliyeahidiwa uwanja sasa hucheza barabarani. Wala haifai kusema kwamba waliofanya hivyo ni mabepari kutoka ng'ambo. Eneo la wazi haligeuki kuwa kiwanja mpaka mtu fulani ofisini atie sahihi, au mpaka aliyepaswa kupinga anyamaze.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba mahali pa wazi katika miji ya nchi hii pana historia yake. Viwanja vya Mnazi Mmoja vilianza katika fikra za wakoloni kama ukanda wa kuwatenga watu. Upande mmoja palikuwa na maduka na majumba ya waliopendelewa, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika, na katikati uwazi, kwa kisingizio cha afya. Lakini wananchi waliugeuza ukanda wa kutengana kuwa uwanja wa kukutana. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 hatua chache kutoka hapo, ilikulia katika mikutano ya Mnazi Mmoja na ya Jangwani. Haikuwa na kumbi za kifahari. Ilikuwa na ardhi iliyo wazi, ambayo mchukuzi na karani waliweza kusimama bega kwa bega bila kulipa kiingilio. Chama kilichokulia viwanjani hakiwezi kuona viwanja vya umma vikimegwa kikasema kwamba hilo ni jambo la wataalamu peke yao.

Wako watakaouliza kwa haki kabisa: bustani itamfaa nini mwalimu aliyepanga chumba kimoja na ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akitafuta kiwanja? Je, si bora eneo hilo likatwe, naye apate pa kujenga? Hoja hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa maneno matamu. Ijibiwe kwa hesabu.

Chukua mfano wa mtaa wa hekta 100. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Nairobi, hushauri kwamba kiasi cha asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara na njia, na angalau asilimia 15 iwe maeneo ya wazi ya umma. Tuseme basi hekta 30 ni barabara, hekta 15 ni bustani na viwanja vya michezo, hekta 5 ni za shule, zahanati na soko, na hekta 50 zimebaki kwa nyumba. Kama kila kiwanja kitakuwa cha mita za mraba 600, hekta hizo 50 zitatoa viwanja 833. Bustani zote zikiuzwa kwa kipimo hicho hicho, vitaongezeka viwanja 250 tu. Lakini bustani zikiachwa salama, na kipimo cha kiwanja kikapunguzwa hadi mita za mraba 400, hekta zile zile 50 zitatoa viwanja 1,250, yaani nyongeza ya 417. Kinachomkosesha mwalimu kiwanja, kwa hiyo, si bustani, bali ni tamaa ya viwanja vikubwa. Mwenye kiwanja kikubwa ana bustani yake ndani ya ukuta. Mwenye chumba kimoja hana bustani nyingine isipokuwa ile ya umma. Kuiuza ya umma ili kulinda ukubwa wa ile ya binafsi ni kumnyang'anya asiye nacho.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipouelezea Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Miongozo ya usanifu wa mitaa ni mahali pa kuchagua, na ikiandikwa kwa maneno ya jumla haichagui lolote. Yako mambo manne ambayo haifai kuyakwepa.

La kwanza ni mpangilio wa awamu. Kila awamu ikamilike na eneo lake la wazi, na awamu inayofuata isiruhusiwe kuuza viwanja kabla eneo la awamu iliyotangulia halijapimwa, kuwekewa mawe ya mipaka na kupandwa miti. Mti huhitaji miaka kumi au zaidi ili utoe kivuli cha kutosha. Nyumba hujengwa kwa miezi. Anayepanda miti baada ya nyumba za mwisho kukamilika amewanyima kivuli watoto wote waliokulia katika nyumba za kwanza.

La pili ni mahali na umbo. Uwanja wa watoto uwe karibu kiasi cha mtoto kuufikia bila kuvuka barabara kuu. Nyumba ziutazame uwanja kwa milango na vibaraza, zisiugeuzie kuta za nyuma, kwa maana uwanja unaoonwa na kina mama na wazee mchana kutwa hulindwa bila askari, na ule uliofichwa nyuma ya kuta huwa maficho ya wahalifu na jaa la takataka. Wala korongo lisilojengeka lisihesabiwe kuwa uwanja wa michezo ili asilimia zitimie katika karatasi.

La tatu ni maji na hali ya nchi. Dodoma hupata mvua zipatazo milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miaka mingi imeishi kwa maji ya visima vya Mzakwe. Bustani ya majani mabichi yanayonyweshwa maji ya bomba itakuwa anasa na aibu mbele ya mwananchi anayenunua maji kwa ndoo. Lakini bustani iliyowekwa kwenye bonde la asili, yenye mwarobaini, mikwaju na migunga, hupokea maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabarani, huyapunguza kasi, huyapa nafasi ya kuzama ardhini, na hupunguza vumbi la kiangazi. Wakazi wa Bonde la Msimbazi waliofikwa na mafuriko ya Desemba 2011 wanajua gharama ya kuyajengea maji njia yake. Na mkoa wa Dodoma una somo lake la kutia moyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979 katika ardhi ya Kondoa iliyoliwa na mmomonyoko, majani na miti vilirudi. Ardhi ikilindwa kwa nidhamu huwalipa waliyoilinda.

La nne ni ulinzi. Eneo la wazi liwe na kumbukumbu yake kama kiwanja kingine chochote: namba, mipaka, na chombo cha umma kinachowajibika. Ramani ya mtaa ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa na katika shule, ili kila mkazi aweze kuisoma. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi. Utaratibu huo usigeuzwe mlango wa nyuma, na wakazi waambiwe kabla ya uamuzi, si baada ya tingatinga kufika.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi wa umma na wa mwalimu unapoonekana. Afisa anayeletewa faili la kubadili uwanja kuwa kituo cha biashara anajua kwamba kukataa kunaweza kumletea uadui wa wenye fedha, na pengine wa wenye vyeo. Lakini aliyenunua kiwanja katika awamu ya kwanza alionyeshwa ramani yenye uwanja, akatoa akiba yake kwa kuiamini ramani hiyo na mhuri wa Serikali uliokuwa juu yake. Kuibadili ramani nyuma ya mgongo wake ni kuvunja ahadi ya Taifa. Mwalimu naye ana uwezo ambao ofisi haina. Wanafunzi wake wakiupima uwanja wao, wakapanda miti na kuitunza, watakua wakijua kwamba mali ya umma si mali isiyo na mwenyewe.

Mwaka 2015 Tanzania, pamoja na nchi nyingine za Umoja wa Mataifa, ilikubali lengo la kuwapa watu wote, hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu, maeneo ya umma ya kijani na salama ifikapo mwaka 2030. Mpango kabambe wa sasa wa Jiji la Dodoma unafika mwaka 2039. Muda upo, lakini si mrefu, kwani mitaa inayopimwa leo ndiyo itakayoamua sura ya jiji kwa miaka mia. Samaki mkunje angali mbichi. Halmashauri zitangaze maeneo yake ya wazi mtaa kwa mtaa, Chama kiyafuatilie kwa kupitia matawi na mashina yake, na anayeyauza ajibu mbele ya wananchi.