Vidonge vya Samaki Havitaziba Pengo la Washauri

Majuma machache yaliyopita nilihudhuria semina ya "lishe ya ubongo" katika ukumbi wa chuo kimoja. Sitakitaja, kwa maana semina hiyo ingeweza kufanyika katika chuo chochote nchini. Msemaji alisimama nyuma ya meza iliyosheheni chupa za vidonge vya mafuta ya samaki, akawaeleza wanafunzi na wazazi kwamba wanasayansi wa Vienna wamethibitisha kuwa omega-3 humkinga kijana na wazimu. Akataja takwimu. Chupa zikanunuliwa. Mama mmoja ambaye mwanawe ni mwanafunzi wangu alinifuata nje akaniuliza: "Mwalimu, nimemnunulia za miezi mitatu. Zitatosha?"

Ingekuwa rahisi kusema kwamba muuzaji yule alidanganya. Hakudanganya. Takwimu zake zilikuwa za kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka 2010 Paul Amminger na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Vienna kwa vijana 81 waliokuwa na dalili za awali: shaka zisizo na sababu, sauti zinazosikika na kutoweka, kuporomoka ghafla kwa uwezo wa kusoma na kuishi na watu. Walikuwa ukingoni mwa saikosisi, yaani ile hali ya mtu kushindwa kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwapo. Kundi moja lilipewa mafuta ya samaki kwa majuma 12. La pili likapewa vidonge vinavyofanana navyo, vyenye mafuta ya nazi. (Ndugu zetu wa Pwani wasikasirike: nazi haina omega-3, ndiyo maana ilichaguliwa.) Mwaka ulipotimia, kati ya vijana 41 waliomeza mafuta ya samaki walikuwa wameugua 2. Katika kundi la pili la vijana 40, waliougua walikuwa 11.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Mwingereza David Horrobin, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa profesa wa fiziolojia hapa jirani, Chuo Kikuu cha Nairobi, alitetea kwa miaka mingi hoja kwamba mzizi wa skizofrenia umo katika mafuta yanayojenga kuta za seli za ubongo. Si hoja ya kupuuzwa. Sehemu kubwa ya ubongo mkavu ni mafuta, na mwili haujitengenezei asidi ya msingi ya jamii ya omega-3. Sharti iletwe na chakula. Basi matokeo ya Vienna yalipotoka, dunia ilikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini vijana 81 ni wachache. Kwa hiyo jaribio likarudiwa, safari hii kwa watu 304, katika kliniki za Australia, Asia na Ulaya, kwa miezi 6 badala ya majuma 12. Waliolirudia si mahasimu wa Amminger. Yeye mwenyewe alikuwamo, pamoja na Patrick McGorry wa Melbourne aliyeshiriki pia lile la kwanza. Mwaka 2017 wakachapisha jibu: hakuna tofauti. Baada ya miezi 12, walioingia katika saikosisi walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 11 katika kila kundi. Watu walioona ndoto yao inavunjika wakaitangaza kwa majina yao wenyewe. Natamani kila mwanafunzi wangu wa uzamili alijue tukio hilo kabla hajanipa data "zilizonyooshwa".

Muuzaji wetu aliishia 2010.

Jambo lililonikera zaidi ni lile ambalo hakuna aliyelitaja ukumbini. Katika jaribio la 2017 vijana wote, wa mafuta na wasio wa mafuta, walikuwa na mtaalamu wao: mtu mmoja aliyefunzwa, anayemfahamu kijana kwa jina, anayekaa naye mara kwa mara kuzungumza juu ya hofu zake, usingizi, masomo na ugomvi wa nyumbani. Watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda mafuta yalishindwa kuonyesha faida kwa sababu huduma hiyo ilikuwa nzuri kwa wote, kidonge kikakosa cha kuongeza. Tafsiri hiyo haijathibitishwa, nami siidai kuwa imethibitishwa. Lakini tazameni sisi tulivyochagua: katika kliniki zile kidonge kilikuwa nyongeza na mtaalamu alikuwa msingi. Huku kwetu tumeagiza nyongeza, tukauacha msingi kulekule.

Nimefundisha miaka ya kutosha kujua kijana anavyopotea. Kwanza huacha kuja semina. Kisha wenzake chumbani wanaanza kusema anaongea peke yake, mmoja anatania kwamba apelekwe Milembe, na utani huo unatosha kumfunga mdomo mhula mzima. Ofisi ya ushauri ipo, ndiyo. Iko ghorofa ileile na ofisi ya nidhamu, na mshauri wake ana vipindi vya kufundisha na kamati tatu. Nani atapanda ngazi hizo akaseme kwamba anasikia sauti?

Najua nitaulizwa: je, samaki hawana faida? Wanayo, nao walikuwa chakula kabla hawajawa kidonge. Dagaa wana omega-3 na madini kwa bei ambayo chupa haiikaribii. Hata hivyo sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia katika chakula cha kuku, huku mwanafunzi ambaye bumu limechelewa akila chipsi kavu zilizokaangwa kwa mafuta ya juzi. Hilo ni suala la haki ya kula vizuri, nalo linajitosheleza. Tusiligeuze kuwa chanjo ya wazimu ili tupate sababu ya kulijali.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, hasa mnaotia saini vibali vya kumbi na mnaopanga ikama: anayedai bidhaa yake huzuia maradhi ya akili aulizwe ushahidi wote, pamoja na ule uliomwangusha. Na nafasi ya mshauri nasaha isiwe ya kwanza kufutwa kila bajeti inapobana. Kumwajiri mtu ni gharama ya kila mwezi, haina utepe wa kukata wala picha ya kupiga, ndiyo sababu haipendwi.

Yule mama nilimwambia: "Mama, vidonge yamkini havitamdhuru, ila kijana anahitaji mtu wa kumsikiliza juma hili." Akaniuliza mtu huyo yuko wapi. Nikamwelekeza hospitali, mwendo wa mabasi mawili, ambako kliniki ya afya ya akili hufunguliwa siku moja kwa juma. Walikwenda Alhamisi. Kliniki ilikuwa Jumatano.