Muuguzi Dhamana na Daftari Lake

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nawaelekezea maneno hayo wauguzi dhamana wa Unguja, kuanzia wodi za Hospitali ya Mnazi Mmoja hadi vituo vya afya vya Bububu na vitongoji vyake. Mali waliyokabidhiwa wao ni roho za watu, na roho ikishapotea hakuna hesabu ya mwisho wa mwaka itakayoirejesha.

Madaftari tunayo. Ipo rejista ya wajawazito, ya chanjo, ya uzazi, na ya wagonjwa wa nje. Muuguzi akishamhudumia mtu huandika, na mwezi ukiisha hukaa kujumlisha. Fomu hupelekwa wilayani, ikaingizwa kwenye kompyuta na kufika wizarani. Kasoro ni kwamba namba hupanda juu lakini mara nyingi hairudi chini. Aliyeiandika haisikii tena mpaka siku ya ukaguzi. Kiongozi wa wauguzi anayejumlisha namba asiiulize inasema nini amemaliza kazi ya karani. Kazi ya uuguzi bado inamngoja.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2005 Zanzibar ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa DHIS wa kukusanya takwimu za afya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Takwimu za mwanzo zilikuwa na makosa mengi. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuwakutanisha watu kila robo mwaka. Timu ya kila wilaya ilisimama mbele ya wenzake, ikaonyesha hesabu zake, na wenzake wakaihoji. Mtu anayejua kwamba ataulizwa mbele ya watu hujiuliza mwenyewe kwanza. Takwimu zikaanza kunyooka, na mwaka 2012 habari za mikutano hiyo zikachapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ili wengine wajifunze kwetu.

Tazameni na malaria. Mwaka 2008 vituo 10 vilianza kutuma kwa simu, kila wiki, idadi ya waliopimwa na waliokutwa na vimelea. Baadaye vituo vingine vikaingia, na kuanzia mwaka 2012 kila mgonjwa aliyegunduliwa akawa anafuatiliwa mpaka nyumbani kwake, na jamaa anaoishi nao wakapimwa. Vyandarua, dawa mpya na upigaji dawa majumbani vilikuwa vimeshaishusha malaria, lakini ugonjwa uliopungua hujificha, na asiyehesabu kila wiki hushtukia umesharudi. Chanzo cha habari zote hizo ni mhudumu wa kituoni aliyeandika kwa uaminifu.

Kisha twende wodi ya wazazi ya Mnazi Mmoja, ambako kufikia mwaka 2014 walikuwa wakizaliwa watoto zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo watafiti na wahudumu wa hapo walipohesabu, walikuta kwamba katika kila vizazi 1,000, watoto 59 walizaliwa wafu. Wakunga na madaktari wakatengeneza pamoja na watafiti hao mwongozo mfupi unaolingana na hali halisi ya wodi ile, wodi ambayo mkunga mmoja alikuwa akiangalia kina mama kadhaa kwa wakati mmoja, na wakawa wakikutana mara kwa mara kujifunza. Mwaka mmoja baadaye idadi ilikuwa imeshuka hadi 39. Kilichoongezeka ni uangalifu: kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa wakati, kuyaandika kwenye patografu, yaani mchoro wa kufuatilia uchungu wa mama, na kuchukua hatua pale mchoro unapoonya. Patografu inayojazwa baada ya mama kujifungua haimsaidii mama wala mtoto.

Naam, uuguzi na hesabu ni ndugu wa zamani. Florence Nightingale aliporudi Uingereza kutoka vita vya Krimea alichora takwimu za vifo na kuwaonyesha wakubwa, mwaka 1858, kwamba askari wengi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Watu humkumbuka kwa taa aliyobeba usiku; nawaomba wauguzi wetu wamkumbuke pia kwa hesabu aliyoifanya mchana.

Najua nitajibiwa: wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu, hiyo nafasi ya kukaa na namba itoke wapi? Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini uchache wenyewe huthibitishwa kwa hesabu. Muuguzi dhamana akienda kwa wakubwa na maneno, ataambiwa avumilie. Akienda na idadi ya wagonjwa kwa kila zamu, miezi sita mfululizo, ni vigumu kumrudisha mikono mitupu.

Basi na tuanze na machache. Chukueni mfano wa chanjo. Tuseme katika kituo cha Bububu watoto 60 wamepata dozi ya kwanza ya chanjo ya penta na 48 tu wamepata ya tatu. Watoto 12 wamepotea njiani, mmoja katika kila watano. Wilayani hiyo ni asilimia 20. Kituoni ni watoto wenye majina na mama zao. Wanatoka wapi, Kijichi, Kihinani au Chuini? Je, siku ya kliniki haiwafai mama zao? Je, walifika wakakuta chanjo imekwisha, au walipokewa kwa maneno makali wakaapa kutorudi? Wapo wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao. Wapewe orodha, wafuate, warudi na jibu. Mwezi unaofuata kituo kihesabu tena, na namba hiyo ibandikwe ukutani kila mfanyakazi aione.

Nawausia viongozi wa wauguzi mambo mawili zaidi. La kwanza, msimwadhibu aliyeandika ukweli mchungu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nesi akigombezwa kwa namba mbaya, mwezi ujao atawaletea namba nzuri ya uongo, na uongo huo utamuua mtu. La pili, siri ya mgonjwa ni amana. Ukutani ziwekwe hesabu, si majina, na simu ya kazi isiwe mahali pa kupitishia habari za watu.

Nanyi wakubwa wa wizara na wilaya, mna deni. Punguzeni fomu zinazouliza jambo moja mara tatu. Rudisheni takwimu vituoni zikiwa zimechambuliwa. Wafunzeni wauguzi dhamana kusoma jedwali na mchoro kama mnavyowafunza kutoa dawa, na wanapokaa wanaoamua vifaa na ajira, waiteni nao, kwani wao ndio wanaokesha na wagonjwa.

Ewe muuguzi dhamana, usingoje kompyuta mpya wala semina. Mwezi huu, kabla hujatia saini fomu, chagua namba moja inayokutia wasiwasi, waite wenzako wa zamu, waulize kwa nini iko hivyo, na mkubaliane nani atafanya nini. Kisha itieni saini, mkijua mmeshaanza kuitibu.