MTAKA CHA MVUNGUNI, NANI HUINAMA?



Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtaka cha mvunguni ni tajiri, na anayeinama ni wewe.

Mnazijua zile gari za zamani za mashindano ya Safari, kama Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na tena 1973. Gari ya namna hiyo ni fahari leo, na mwenyewe akitaka irudi kuwa mpya, kazi huanzia chini: springi, ekseli na vyuma vyote vilivyoliwa na kutu. Hewa yetu ya ziwa haihurumii chuma. Sisi wa reli kazi hiyo twaijua, maana kutu ya behewa na kutu ya gari ya fahari ni moja. Futa grisi kwanza, ondoa kutu mpaka chuma kitupu, kisha upake rangi ya kwanza siku ile ile, kabla kutu haijarudi.

Hatugombani na kazi. Twagombana na namna inavyofanywa. Matajiri wengine huona brashi ya chuma yachelewesha, basi humpa fundi kompresa na mchanga, apulize. Fundi akiuliza habari ya kinga, huambiwa ajifunge leso puani.

Leso haimkingi. Mchanga ukipigwa juu ya chuma huvunjika ukawa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hupenya leso, likakaa ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, nao huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Uingereza ilikataza mchanga katika kazi hiyo kwa kanuni za mwaka 1949. Je, mapafu ya mtu wa Kisumu ni ya bati?

Tena rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi. Ukiisugua kavu, sumu yake hufuata nguo zako mpaka nyumbani kwa watoto.

Tajiri atasema kinga ni ghali na mchanga ni rahisi. Si kweli. Mchanga una bei kubwa, ila bei hiyo hulipwa na mjane. Mtu mwenye fedha ya kupamba tumbo la gari lisilotazamwa na mtu hawezi kukosa fedha ya kumkinga fundi wake.

Wala hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, tena yamkataza kumfukuza mtu kwa kulalamikia hatari. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti iwepo kamati ya usalama.

Basi twadai haya:

1. Mchanga usipulizwe kabisa. Zitumike chembe za chuma.
2. Apulizaye apewe kofia ya kufunika uso yenye mpira wa kumletea hewa safi.
3. Rangi ya zamani isuguliwe kwa maji, na pawe na mahali pa kuoga na kubadili nguo.

Mmoja akikataa mchanga ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, tajiri atatafuta njia nyingine, na njia ipo.

UMOJA NI NGUVU.